Kushuka Salama kwa Pikipiki kwenye Miteremko ya Mlangali

Ukipanda mlima na pikipiki, ukiachia mafuta inasimama yenyewe. Ukishuka, ukiachia mafuta inaendelea kwenda, na kila mita inakuongezea mwendo ambao hukuuomba. Ndiyo maana mteremko huvunja watu ambao kupanda kuliwachosha tu. Mwongozo huu ni wa dereva wa bodaboda, wa kijana anayeanza kujifunza, wa mkulima anayepeleka viazi gulioni na wa abiria anayekaa nyuma yao, kuanzia Makambako na Njombe hadi Mlangali na vijiji vinavyoizunguka.

Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Manda, inakoishia barabara inayotoka Itoni kupitia Ludewa, iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu. Kwa hiyo ndani ya kilomita mia mbili na kidogo nchi inashuka mita 1,500, tena haishuki kwa mkupuo: inaingia bondeni, inapanda, inaingia bonde jingine. Mlangali imo ndani ya panda-shuka hiyo. Kipande cha kilomita 50 hivi kati ya Lusitu na Mawengi kilipojengwa kwa zege badala ya lami ya kawaida, sababu zilikuwa zile zile zinazokusumbua wewe kila msimu: mvua nyingi, udongo usiotulia, miteremko mikali, na malori mazito yanayotarajiwa kubeba makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Lakini zege linaishia barabara kuu. Ukikata kona kuingia kijijini, unarudi kwenye udongo mwekundu.

Katika yote nitakayosema, shika hili kwanza: mteremko unaamuliwa ukiwa bado juu. Gia, mzigo, abiria, mwendo, njia utakayopita, na hata kama utashuka au utasubiri, yote hayo huamuliwa kabla gurudumu la mbele halijainama. Ukishaanza kushuka kwenye tope, nafasi ya kubadilisha mawazo imebaki ndogo sana.

Simama kileleni

Simama kweli, mguu chini. Sekunde 20 zinatosha kama mteremko unaujua. Kama huujui, weka stendi, shuka, utembee mpaka uone mwisho wake. Najua abiria anaharakisha na simu inaita. Simama hata hivyo.

Tazama maji yalikopita usiku. Mvua ya Njombe huchimba vijito katikati ya barabara, na kijito kilichokuwa upande wa kushoto jana leo kinaweza kuwa kimekatiza kwenda kulia. Gurudumu likiingia ndani ya kijito hicho kwa mshazari, usukani hauna amri tena. Tafuta mstari mmoja unaoweza kuufuata mwanzo hadi mwisho bila kuruka kutoka mfereji hadi mfereji. Tazama kilichopo chini kabisa: kalavati, daraja la mbao, kona, au njia panda yenye watu. Mwisho wa mteremko ndiko mwendo unakokuwa mkubwa, na huko ndiko mara nyingi kuna kitu kigumu. Halafu jiulize swali ambalo wengi hawajiulizi: breki zikikataa katikati, nitakwenda wapi? Upande wa ukingo wa mlima kuna majani na udongo laini wa kukupokea. Upande wa bonde hakuna kitu. Ukijua jibu ukiwa juu, mikono yako italijua ukiwa chini.

Wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya na Marekani wana desturi hii hii, na wameipata kwa kuvunjika mifupa. Katika viwanja vyao vilivyojengewa matuta ya kurukia, mtu hufundishwa kupita kwanza polepole pembeni, aone upande wa pili wa tuta, ndipo arudi kujaribu, akianza na dogo. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang mwaka 2018, anatoka katika mchezo ambao washindani hupewa muda wa kuukagua mteremko taratibu kabla ya mbio. Watu wanaoshuka kwa kasi kuliko pikipiki yako, na ambao kazi yao ni kasi, hawashuki mahali ambapo hawajapaangalia. Wewe unayebeba mama wa watu una sababu kubwa zaidi.

Gia kwanza, breki baadaye

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea na ndipo kosa linaporekebishika kwa siku moja ya mazoezi.

Ukiwa bado kileleni, ingiza gia ya pili. Kama mteremko ni mkali au una mzigo, ingiza ya kwanza. Kisha achia klachi kabisa, funga mafuta, uiache injini ikushikilie. Utasikia injini inalia kwa sauti ya juu. Usiogope, hiyo ndiyo kazi unayoitaka. Injini inapozungushwa na gurudumu badala ya kulizungusha, inalizuia. Kizuizi hicho hakichoki, hakipati joto kama breki, na hakifungi tairi ghafla kama mguu ulioshtuka.

Usishuke na free. Nasema hivyo nikijua kabisa kwa nini madereva wanafanya: mafuta ni ghali, na mteremko mrefu unaonekana ni safari ya bure. Lakini ukiweka free umetupa breki kubwa kuliko zote ulizonazo, na uzito wote wa pikipiki, abiria na gunia umeubebesha vipande viwili vya breki shuu. Anayezima injini kabisa anajiongezea hatari nyingine usiku, maana kwenye pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele huwaka kwa umeme wa injini inayozunguka. Injini ikizimika, na barabara inazimika. Kukamata klachi mfululizo ni sawa na free, na hili ndilo kosa la wanaojifunza: wakiogopa, mkono wa kushoto unabana wenyewe. Mwalimu wa kijana mpya amfundishe kwanza kuuachia mkono huo.

Breki za duara, zile zilizofungiwa ndani ya gurudumu, zinashika kwa msuguano, na msuguano ni joto. Ukizikanyaga bila kuachia kwa kilomita nzima zitashika vizuri mwanzoni, kisha utaona pedali inazama zaidi, kisha utasikia harufu ya kuungua, kisha hazitashika. Ukisikia harufu, simama ungali unaweza, upande wa mlima, uziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, chuma chenye moto kikimwagiwa maji ya baridi ya Njombe kinaweza kupinda au kupasuka. Njia ya kuepuka yote hayo ni kufunga breki na kuachia, kufunga na kuachia, huku gia ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Kuhusu breki ya mbele kuna ubishi mwingi vijiweni. Wapo wanaosema usiiguse kabisa mlimani. Hao wanakunyima breki yenye nguvu zaidi, kwa sababu unapofunga breki uzito unahamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalokandamiza barabara. Kwenye zege kavu au lami kavu tumia zote mbili, ya mbele ukiikaza taratibu, usiikamate kwa kushtuka. Kwenye tope mambo yanageuka: gurudumu la mbele likifunga kwenye utelezi, umeshaanguka kabla hujajua. Hapo breki ya mbele iguswe kwa vidole viwili tu, pikipiki ikiwa imenyooka, na kazi iliyobaki uziachie gia na breki ya nyuma. Kwenye kona usiifunge. Mwendo wa kona unapunguzwa kabla ya kona. Gurudumu la nyuma likifunga na kuanza kuhama pembeni, achia mguu kidogo lizunguke tena, kisha kanyaga upya kwa upole.

Macho nayo yanaendesha. Ukikodolea shimo, utaingia shimoni. Tazama mstari ulioupanga kileleni, mita 10 au 15 mbele, na mwili utaufuata.

Kama breki zimekata kweli, usiruke. Shusha gia moja moja mpaka ya kwanza, bana magoti kwenye tangi, sogea upande wa ukingo wa mlima, uiache pikipiki ijisugue kwenye majani na udongo wa ukingoni. Utachubuka. Kuchubuka kunapona. Lakini kuwa mwangalifu kwenye barabara ya zege, maana mitaro yake imejengwa mirefu na kingo zake ni ngumu. Tafuta mahali ambapo mtaro umekatizwa na njia ya kuingilia nyumbani au shambani.

Hesabu moja ya kukumbuka: kwa kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde. Mtoto akitokea na ng'ombe, sekunde ya kushtuka imekula mita 11 kabla hujagusa breki. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne, hiyo ikiwa ni kwenye barabara tambarare na kavu. Mteremkoni kwenye tope umbali wenyewe huwa mrefu zaidi. Kwa hiyo kilomita 20 kwa saa kwenye udongo uliolowa ni mwendo wa mtu anayejua anachofanya.

Tope, ukungu na baridi

Udongo mwekundu wa nyanda hizi hauna hatari moja mwaka mzima. Kiangazi una vumbi na changarawe zinazobiringika chini ya tairi. Masika ukishaloa mpaka ndani, tairi linazama kidogo na kupata pa kushika. Kibaya zaidi ni katikati: mvua imenyesha nusu saa, juu kumelowa na kuwa kama sabuni, chini bado kugumu. Mvua za kwanza, kuanzia Novemba, huwakuta madereva bado wana mwendo wa kiangazi miilini mwao. Mvua ikianza ukiwa kileleni na mteremko ni mrefu, ingia kwenye banda la mtu, ungoje. Utelezi ule wa mwanzo hupungua.

Tairi kipara libadilishwe kabla ya Novemba, hasa la nyuma, maana ndilo linalobeba gia yako yote ya kushukia. Upepo wa tairi ufuate maandishi ya kiwandani yaliyobandikwa kwenye pikipiki, si kidole cha mtu anayebonyeza. Wanaofunga cheni au kamba kwenye tairi la nyuma ili lipate kushika tope wanafanya jambo la busara, mradi ikazwe isiguse cheni ya pikipiki wala madigadi, na ifunguliwe mara tu unapofika kwenye zege. Kwenye zege cheni hiyo itakuangusha.

Kuna kitu kingine kinachowaangusha watu na wao wanadhani ni utelezi. Tope la mfinyanzi hujishindilia kati ya tairi la mbele na madigadi. Linaongezeka kidogo kidogo, tairi linaanza kuwa zito, na ghafla gurudumu linakwama kabisa huku pikipiki ikiendelea kushuka. Beba kijiti kigumu, kipana kama vidole viwili. Kila unaposimama, kichomeke chini ya madigadi, utoe tope lote mpaka uone mwanga upande wa pili. Kabla ya mteremko mrefu fanya hivyo hata kama unaona bado pako wazi.

Zege nalo lina tope lake. Malori na Canter zinazotoka mashambani huacha udongo kwenye matairi yao, na pale njia ya udongo inapokutana na barabara kuu utakuta zege limepakwa utando mwembamba wa tope kwa mita nyingi. Unatoka kwenye barabara nzuri, mwendo umepanda, mara moja hakuna cha kushika. Kila njia panda ichukulie kuwa imelowa.

Miezi ya Juni hadi Agosti shida ni vidole. Asubuhi ya Njombe, ukiwa kwenye mwendo, upepo unaiba joto la mikono mpaka vidole havisikii breki. Dereva mwenye vidole vilivyokufa ganzi anafunga breki akiwa amechelewa, tena anafunga kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Vaa glavu, na kama huna, vaa soksi nzito mikononi mpaka ufike kileleni, kisha uzivue, usugue viganja, ndipo ushuke. Mabondeni ndiko baridi inakolala usiku; asubuhi ya barafu, daraja la mbao lililo chini ya mteremko linaweza kuteleza wakati barabara ya juu imeshakauka. Kwenye ukungu washa taa ya chini, si ya juu, maana ya juu inarudishwa machoni mwako na ukungu wenyewe. Piga honi kabla ya kila kona na ubaki kushoto kabisa, hata kama katikati ndiko kulikonyooka.

Kwa upande wa Makambako tatizo ni tofauti. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ina lami nzuri, ina upepo wa pembeni unaosukuma, na ina malori. Lori likikupita linaukata upepo, kisha likimaliza kupita upepo unakurudia kwa nguvu. Shika usukani bila kukakamaa, lala kidogo juu ya tangi. Na mlimani usishuke mbele ya lori lililopakia wala nyuma yake karibu. Ukisikia harufu ya breki zake, toka barabarani uliache lipite.

Mzigo

Gunia la viazi lililojazwa lumbesa lina uzito wa kuizidi pikipiki nyingi zinazolibeba. Tambarare linakaa. Likianza kuinama kuelekea bondeni, uzito wake wote unakusukuma mgongoni, gurudumu la nyuma linapungukiwa na mkandamizo, na breki ya nyuma, ile unayoitegemea kwenye tope, inakosa pa kushika. Kama lazima libebwe, lifungwe chini na nyuma kwenye keria kwa kamba za mpira, za kulizuia lisije mbele na za kulizuia lisihame pembeni. Kufunga pembeni pekee hakutoshi mlimani. Ukimaliza kufunga, shika gunia kwa mikono miwili ulitikise kwa nguvu. Likicheza sasa, litacheza kwenye kona.

Usiweke kitu juu ya tangi. Mzigo wa tangi unazuia usukani kukata kona na unanyima magoti mahali pa kubana, na magoti ndiyo yanayokubakisha juu ya pikipiki inapotikisika.

Mbao ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mkoa huu unapasua misindano kila siku, na pikipiki zinabeba mbao za futi 12 kwa urefu au, kibaya kuliko vyote, kwa kukingama. Zikikingama zinafika upande wa pili wa barabara na kumkata anayepita. Zikifungwa kwa urefu, ncha ya nyuma hugonga chini pikipiki inapovuka mfereji, na pigo hilo linainua tairi la nyuma. Mbao zipande Canter. Kama ni chache na huna namna, zisukume: tembea pembeni ya pikipiki, injini ikiwa inawaka, gia ya kwanza, mpaka bondeni. Safari mbili za nusu mzigo zinakula mafuta zaidi, ni kweli. Nakushauri uyalipe.

Abiria

Abiria ana haki ya kushuka na kutembea, na dereva ana wajibu wa kumwambia ashuke. Hili liwe jambo la kawaida, lisimwaibishe yeyote. Mwambie mapema, kwa adabu, ukiwa umesimama:

"Mama, hapa panateleza. Naomba ushuke utembee mpaka kwenye kalavati, nitakungoja."

"Haya mwanangu, nishikie huo mfuko."

Mama mwenye mtoto mgongoni atembee kila mteremko wenye tope, bila mjadala. Mzee asiyeweza kutembea abebwe polepole kwenye gia ya kwanza, au safari ingoje barabara ikauke.

Kwa wewe abiria: kaa karibu na dereva, ushike chuma cha nyuma kwa mkono mmoja ili usimsukume mbele mnaposhuka. Miguu ibaki kwenye vikanyagio. Pikipiki ikilala kwenye kona, lala nayo. Ukijivuta upande wa pili unaitoa njiani. Funga khanga na kitenge visifike kwenye cheni wala gurudumu. Mashavu ya miguu na mapaja yasiguse bomba la moshi. Na usiogope kusema "dereva, punguza" au "nishushe hapa." Nauli ni yako na mwili ni wako. Mshikaki wa watu watatu au wanne, watoto wa shule wakiwemo, usiwepo mlimani kabisa. Breki hizo hazikutengenezwa kwa uzito huo.

Kofia ngumu ni ya dereva na abiria, kama kanuni za mwaka 2010 za usafirishaji wa bodaboda na bajaji zinavyotaka. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulikuta kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini inapunguza ikiwa imefungwa kidevuni. Kofia iliyoning'inia kwenye usukani haijamwokoa mtu, na iliyokwisha kupata ufa haifai tena hata kama kwa nje inang'aa. Abiria anayechukia kuvaa kofia ya watu wengi avae kitambaa chake kwanza, kisha kofia juu yake.

Msimu wa ulanzi ni msimu wa mvua, na hilo ni bahati mbaya ya kalenda. Pombe hii ya mianzi inaingia taratibu, na mtu anajiona yuko sawa wakati mkono wake umeshachelewa. Aliyekunywa asishuke mlima na pikipiki, hata kama ni nyumbani kwake na mteremko anaujua tangu utotoni. Alale alikonywea. Wanaomkaribisha wamwondolee ufunguo.

Neno kwa vijana wanaopenda kuruka. Barabara zinapotengenezwa, marundo ya kifusi hubaki pembeni kwa wiki kadhaa, na jioni utaona wanayarukia kwa pikipiki. Sitasema msicheze, kwa sababu mtacheza. Nasema chagueni mahali pasipopita watu, mbali na barabara. Mpite kwanza kwa miguu upande wa kutua, mtoe mawe. Aruke mmoja tu kwa wakati, mwenzake akisimama mahali anapoonekana na wote, akiinua mkono palipo wazi. Anayeanguka aondoke haraka pale chini, maana anayekuja hamwoni.

Mtu akianguka

Kanuni ya hao wanaoruka inafaa kwa ajali yoyote mlimani: wanaokuja kutoka juu hawaoni. Kabla ya kumgusa majeruhi, mtu mmoja apande juu, avuke kilele, akate matawi ayaweke barabarani pande zote mbili. Lori linaloshuka linahitaji nafasi ndefu ya kusimama, kwa hiyo matawi yawekwe mbali. Zima injini ya pikipiki iliyoanguka, funga mafuta, zuia sigara.

Asiyeweza kusogeza miguu, au anayelalamika shingo au mgongo, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Kofia yake ivuliwe tu kama hapumui. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeungua na bomba la moshi amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta. Na jambo moja nalisisitiza: majeruhi wa mgongo au wa mfupa uliovunjika asibebwe kwa kubanwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Safari hiyo inaweza kumlemaza mtu ambaye angepona. Tafuteni Canter au gari lolote lenye nafasi ya kumlaza, mlazeni kwenye ubao au mlango uliong'olewa, mumfunge asibiringike. Piga 112. Kituo cha afya cha Mlangali kipo, Hospitali ya Lugarawa ipo, na kwa upande wa Njombe mjini kuna Kibena. Mpelekeni kwenye iliyo karibu zaidi kwa barabara inayopitika siku hiyo. Fomu ya polisi, PF3, ifuatwe na mtu mwingine wakati majeruhi yuko njiani.

Kazi ya kijiwe na ya mwenye pikipiki

Dereva wa kwanza kurudi asubuhi awaambie wenzake alichokiona: mteremko gani umekatwa na maji, daraja gani limelegea, wapi lori limelala. Kijiwe kinachopeana habari hizi kila siku kinajua barabara kuliko mtu yeyote aliye ofisini. Dereva mpya asipewe safari ya mlimani siku ya mvua. Apewe za mjini mpaka ashuke mteremko huo mara kadhaa kiangazi, bila mzigo wala abiria, huku mzoefu akimtazama.

Na wewe bosi unayepokea hesabu jioni: breki shuu, waya wa breki na tairi la nyuma ni gharama yako, usizisukumie kwa kijana. Siku ambayo mvua imenyesha tangu alfajiri, mpunguzie hesabu au mfutie. Kijana anayejua kwamba lazima alete kiasi kile kile, mvua ije isije, hawezi kusimama kileleni akasubiri, hawezi kumwambia abiria ashuke atembee, na hawezi kukataa gunia la pili. Kubalianeni kiasi cha siku ya mvua sasa, kabla ya Novemba, mbele ya shahidi mmoja wa kijiweni.